Majani ya maboga ya nazi: tui linakatika kila mara, na bustani imenizidi

BintiMuheza

Habari za jioni wapendwa. Niko Columbus, Ohio, saa mbili na nusu usiku na jua ndiyo kwanza linazama. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni na beseni la majani ya maboga mapajani, nikaona leo niulize kabla sijaharibu sufuria nyingine.

Mwaka huu ndio mara yangu ya kwanza kulima kitu cha maana huku. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha kama futi 12 kwa 20. Mwezi wa tano, jalidi (baridi ya kugandisha) ilipokwisha, nikapanda mchicha, bamia, ngogwe (nyanya chungu), nyanya, maboga na matembele. Hayo matembele niliyaotesha mwenyewe: viazi vitamu viwili vya dukani nilivisimamisha kwenye gilasi za maji dirishani tangu mwezi wa tatu, vikatoa machipukizi, nikayachomoa moja moja na kuyapanda. Juni yote ilikuwa kumwagilia na kusubiri. Julai ilipoisha kila kitu kikawa tayari wiki moja. Kwetu Muheza mboga unanunua fungu, unapika, kesho unanunua fungu lingine. Huku nikitoka zamu ya usiku asubuhi nakuta bamia niliyoiacha juzi ikiwa changa imekomaa hadi kisu kinakwama, nyanya zimejaa makapu mawili, na maboga yametambaa mpaka kwenye uzio wa jirani.

Sasa shida yenyewe. Baba yangu amekuja kukaa nasi tangu Juni, ana miaka 74. Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Baba si mtu wa kulalamikia chakula, hata siku moja. Lakini nilipompikia majani ya maboga ya nazi mara ya kwanza alikula akamaliza, akanawa mikono, akasema, "Ahsante mwanangu. Ila mama yako alikuwa akiyapika mengine." Nikamuuliza, mengine vipi? Akasema hajui, yeye alikuwa anakula tu.

Ninavyopika: nakaanga kitunguu, natia nyanya tatu nne kubwa kwa sababu ninazo tele, zikilainika natia majani, kisha kopo zima la tui, nafunika na kuacha lichemke kama robo saa. Kila mara tui linakatika. Mafuta juu, maji chini, na vichembe vyeupe katikati kama maziwa yaliyoganda. Na mboga inakuwa na ukali fulani hivi ambao mama hakuwa nao.

Naomba msaada kwenye mambo mawili. Kwanza hilo tui. Pili, hivi vitu vingine vyote navipangaje? Tuko watano nyumbani: mimi, mume wangu, baba na watoto wawili, wa miaka 11 na 8. Napika jioni kabla ya kwenda kazini. Sitaki kutupa hata jani moja, nimelitokea jasho.

MpishiWaWete

Mwanangu, hujambo. Mungu amrehemu mama yako, na umshike baba mkono, umfikishie salamu zangu.

Shida yako ni hizo tungule (ndizo nyanya zenu). Tungule nne na tui katika sufuria moja ni ugomvi, ukali wake ndio unaolikata tui. Mimi majani ya maboga sitii tungule kabisa. Ukiona lazima, tia moja, tena uikaange mpaka ikauke na mafuta yatoke pembeni, ndipo uendelee.

Halafu kufunika. Tui likishaingia, mfuniko ukae kando. Ukifunika linachemka kwa kishindo bila wewe kuliona, na tui halitaki kishindo. Linataka moto mdogo na mkono unaokoroga.

Na tui lenyewe usilimwage lote kwa pamoja. Nazi ya kukuna tunaikamua mara mbili: la kwanza zito, kasimele, tunaliweka kando, la pili jepesi, ndilo la kuivishia mboga. Kopo lako usilitikise. Lifungue taratibu, mara nyingi utakuta zito limepanda juu na maji yamekaa chini. Hayo ya chini yaongeze maji kikombe kimoja, pikia majani na kitunguu na chumvi mpaka yalainike na maji yabaki kidogo. Kisha ndipo utie kasimele, ukoroge bila kuacha, na ukiona pembeni mwa sufuria linaanza kutokota, hesabu dakika mbili tatu uepue. Yapo makopo yaliyotiwa kitu cha kulishikanisha, hayo hayajitengi. Hapo gawa tu: theluthi na maji mwanzoni, theluthi mbili mwishoni.

Nikuulize: nyuzi unamenya? Na majani unayafikicha?

BintiMuheza

Bi Mpishi, shikamoo. Nyuzi namenya za vikonyo vinene tu, za majani madogo naacha. Kufikicha sijawahi. Nakata moja kwa moja na kisu.

MpishiWaWete

Marahaba. Basi ukali mwingine unatoka hapo hapo. Jani la boga lina manyoya, hata ukilishika linakuchoma choma. Vunja ncha ya kikonyo, usiikate, ivunje, utaona uzi unaning'inia. Uvute kuelekea kwenye jani, utakuja nao mpaka mgongoni mwa jani kwenye mishipa. Zunguka kikonyo chote hivyo hivyo. Hata majani madogo. Ukishamaliza, yakusanye, chembe ya chumvi, uyafikiche kwa viganja kama unayefua kitambaa chepesi, mpaka yatoe povu la kijani na manyoya yalale. Suuza, kamua, ndipo ukate kate. Hii kazi ni ya kukaa chini na mtu mkapiga soga, si ya kufanya umesimama huku unaangalia saa.

KitaleMpakaMinnesota

Salamu dada. Mimi niko Minnesota mwaka wa tisa, nalima kila kiangazi, na kwetu majani ya maboga tunayaita seveve. Nyumbani hatutumii nazi, tunatia maziwa na malai, na kanuni ni ile ile aliyosema mama hapo juu: maziwa mwisho, moto chini, nyanya mbali.

Naongeza ya shambani, maana mboga inaanza kuharibika kabla haijafika jikoni. Usichume majani yale mapana ya karibu na shina, hayo ni ya kulisha boga. Shika ncha ya mtambaa, hesabu majani matatu manne kurudi nyuma, chuma hapo pamoja na ncha. Mtambaa utatoa matawi mawili na kwa siku chache una majani mengine machanga. Ila mtambaa wenye boga ulilolikusudia uuache uendelee, usiuvue nguo. Maua ya kiume, yale yenye kikonyo kirefu chembamba bila kiboga nyuma yake, unaweza kuchuma mengi, yakatie humo humo kwenye mboga. Bakiza machache ya kuchavushia.

Na kagua shina. Miaka miwili iliyopita maboga yangu yalinyauka yote katikati ya Julai, asubuhi moja tu, na nilikuwa nimemwagilia vizuri. Nilipopasua shina nikakuta funza mweupe mnene ndani, na unga kama wa msumeno umetoka kwenye tundu karibu na udongo. Kuna nondo anataga mayai hapo chini ya shina, funza akiingia ndani anakula mpaka maji hayapandi. Siku hizi napanda maboga ya jamii ya butternut. Shina lake ni gumu na funza halisumbui sana kama anavyosumbua zukini, na majani yake ni matamu kwa mboga.

Mchicha usiusubiri ukue mkubwa. Ukikata juu ukiwa wa kama shubiri moja na nusu, ukaacha macho mawili matatu chini, unachipua tena. Siku zikianza kufupika mwezi huu utaona unakimbilia kutoa maua, basi kata kwa fujo. Na kama wenzako wanachuma mchicha pori kando ya mashamba ya mahindi na soya, waambie waache. Unafanana na wetu, na kweli ni ndugu yake, lakini mashamba yale hupuliziwa dawa ya magugu.

MamaUvira

Dada, jambo sana. Mie ni mtu wa Uvira, Kongo, niko naishi hapa Ohio pia, upande wa Dayton. Hiyo ya nazi siijui, nyumbani tuko na mafuta ya mawese. Lakini matembele yako nipe mie!

Matembele hayataki mambo mengi. Chuma ncha na majani laini, toa vikonyo vigumu. Chemsha maji yatokote, tumbukiza dakika mbili, mwaga yale maji. Hapo rangi inabaki kijani, na ule utomvu unaofanya mboga iwe nyeusi unaenda. Pembeni weka mawese kidogo kwa sufuria, kitunguu, bilinganya moja ya kukata vidogo, pilipili nzima usiipasue, na ndagala (dagaa) waliooshwa kwa maji moto, vichwa umetoa. Bilinganya ikilainika unaiponda kwa mwiko, unaweka matembele, dakika kumi, basi. Kula na bugali. Hapo tia nyanya zako dada, mbili, tatu, hapa hakuna tui la kukasirika.

Yanayobaki usiyaache yazeeke kwa shamba. Mie Jumapili nachuma lengalenga (mchicha) na matembele, mabeseni mawili. Nachemsha dakika mbili, natupa kwa maji ya barafu, nakamua kwa mikono sana sana, nafanya mabonge kama ngumi ya mtoto, naweka kwa friza juu ya sinia. Yakishakuwa mawe nayatia kwa mfuko. Bonge moja ni mtu mmoja na nusu. Januari, theluji iko mlangoni, natoa manne, naweka ndagala, nyumba yote inanuka nyumbani.

MtuWaMagu

Nimependa huu mjadala. Ndugu yetu wa Muheza, jua la huko Agosti linatosha kuanika? Kama linatosha, usitegemee friza pekee. Sisi Wasukuma majani ya kunde tunachemsha kidogo, tunayatandaza juani mpaka yakauke kabisa, tunaita nsansa. Yanakaa miezi. Siku ya kupika unaloweka, unachemsha, unaunga na karanga za kusaga. Mwakani panda kunde mistari miwili, kunde inapenda joto na utakula majani wiki chache baada ya kupanda, kabla hata ya kupata mbegu.

Bamia iliyokwisha kukomaa usihangaike nayo, iache ikauke kwenye mti iwe mbegu. Hizi changa, chuma kila siku ya pili bila kukosa, hata kama hutapika siku hiyo, maana ukiacha kuchuma mti unapunguza kuzaa. Kata vidogo, chemsha na majani machache ya maboga na chembe ya magadi, piga kwa mwiko, tia karanga. Huo ni mlenda, na mzee wa miaka 74 atateremsha ugali bila kutafuna sana. Magadi kidogo sana lakini, ncha ya kijiko, yakizidi mboga inakuwa kama sabuni.

BintiMuheza

Nimerudi. Samahani nimekawia, wiki ilikuwa ya kazi mfululizo. Nawapa taarifa ya Jumamosi.

Nilichuma asubuhi kabla jua halijakolea, ncha tu kama kaka wa Minnesota alivyosema, nikapata beseni moja. Nikamkuta baba sebuleni, nikamwambia nakwenda kumenya majani, njoo tukae nje. Akaja na kiti chake. Nilidhani atanitazama tu. Akachukua jani, akavunja ncha ya kikonyo, akavuta uzi mpaka nyuma ya jani, akauzungusha kidoleni, akatupa, akachukua jingine. Bila hata kuangalia mikono yake. Nikabaki nimeduwaa. Kumbe alimenyea bibi yake utotoni, kabla hajapelekwa shule ya bweni, na tangu hapo hajagusa. Mwanangu wa miaka 8 akaja akataka kufundishwa, baba akamfundisha, wakamaliza nusu ya beseni wawili hao.

Tukiwa hapo nikamwambia, leo sitii nyanya. Akainua kichwa. "Nyanya? Mama yako nyanya alikuwa anapeleka gulioni." Nikakumbuka mwenyewe. Mama alikuwa na matuta ya nyanya, na zile nzuri zote zilikuwa za kuuza, ndizo zilizotununulia madaftari. Nyumbani zilibaki zilizopasuka, na hizo ziliingia kwenye maharage. Mimi kwa kuwa nyanya zimenijaa hapa nilikuwa nazitia kila sufuria, nikidhani ndiyo upishi mzuri. Baba akafikiri kidogo, akasema, "Alikuwa anatia ngogwe." Basi nikaenda kuchuma ngogwe sita, zile bado nyeupe zenye ukijani.

Nikapika hivi: kitunguu kimoja kwenye maji ya kopo na kikombe cha maji, chumvi, ngogwe nimezipasua mara mbili. Zilipoanza kulainika nikatia majani niliyokwisha kufikicha (povu linatoka kweli, jingi, sikuamini), na maua manne. Bila mfuniko. Majani yalipolala na maji yakabaki ya kufunika chini tu ya sufuria, nikatia lile zito, nikakoroga. Sikuondoka jikoni hata simu ilipoita. Pembeni ilipotokota nikahesabu, nikaepua. Tui halikukatika. Lilikaa limeshika majani, jeupe linang'aa, na ile harufu ya nazi iliyoiva, si ya mafuta.

Baba alikula ugali wake wote akaomba uongezwe. Nikamuuliza, je? Akasema, "Yanakaribia. Chumvi bado." Kisha akasema mama alikuwa anapikia kuni, kwa hiyo moshi nisiutafute. Usiku ule alizungumza habari za mama mpaka saa tano, vitu ambavyo hajawahi kutusimulia tangu msiba. Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na Bi Mpishi hasa.

Mengine: mabonge ya friza nina 22 sasa. Matembele ya mama wa Uvira nimepika mara mbili, na dagaa wa Kigoma nilionao, mume wangu ameyapenda kuliko ya nazi. Watoto bado hawayataki, wanakula ngogwe wanaacha majani. Mlenda baba ameula peke yake, watoto wameukimbia kwa mtelezo. Nyanya nazikwaruza kwenye grata, napika zikauke, naweka kwenye vikopo vya friza. Nyingine ni kachumbari kila siku, na kapu moja nimempa jirani, yeye akanipa mahindi mabichi. Ni matamu kama yametiwa sukari. Nilijaribu makande nayo, hayakufaa, yakawa kama uji. Ya kuchoma ndiyo mazuri, na ndimu na pilipili.

Swali la mwisho kwa kaka wa Minnesota. Nina boga moja kubwa limeanza kugeuka rangi. Baba ameshaniambia anataka futari yake. Nilichume sasa au nisubiri?

KitaleMpakaMinnesota

Subiri. Kikonyo kikikauka kikawa kama kijiti, na ukibonyeza ganda kwa ukucha usiingie, hapo limeiva. Likate na kikonyo chake urefu wa kidole, usilibebe kwa hicho kikonyo, kikivunjika linaoza haraka. Liache mahali pakavu penye joto siku kumi hivi kabla ya kulihifadhi. Ila lazima liwe ndani kabla ya jalidi, nadhani huko kwenu mna nafasi mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Na mbegu zake zioshe, zianike kwenye karatasi, umwekee mzee za kupanda mwezi wa tano. Lakini jirani akiwa na maboga ya aina nyingine karibu, ya mwakani yanaweza kutoka mchanganyiko.

BintiMuheza

Jirani ana maboga, tena yametambaa upande wetu. Nimemweleza baba, amesema tutapanda hivyo hivyo, anachotaka yeye ni majani.